Kasumba: Sentensi Moja, Imeuzwa Mara Nne

Wasee, leo tuanze na kamusi. Ukisikia neno "kasumba", kichwani kinakuja nini? Wengi wetu tunawaza kasumba ya ukoloni, yaani mtu amelishwa fikra za wengine hadi akaziona ni zake. Insha zetu za shule zilijaa hilo neno. Lakini fungua kamusi uone: kasumba pia ni afyuni, ile dawa ya kulevya inayotoka kwa utomvu wa mmea wa mpopi. Neno moja linabeba vitu viwili, kitu kinacholevya mwili na wazo linalolevya akili.

Ndiyo maana nimelichagua. Dawa kali za maumivu zinazosumbua dunia leo, kama mofini, kodeini, oksikodoni, tramadoli na fentanili, zinatoka kwa afyuni au zimetengenezwa zifanye kazi kama afyuni. Wanasayansi wanaziita opioidi. Na nikisoma historia yake, naona jambo moja linajirudia. Kabla tembe haijamfikia mtu, kuna sentensi inamfikia kwanza: "Hii mpya haileti uraibu." Kwa miaka 200 hiyo sentensi imeuzwa mara nne, na walioinunua kwanza si mateja wa mtaani. Ni madaktari, ni kina mama, ni serikali.

Ebu tuzifuate moja baada ya nyingine.

Mara ya kwanza: mofini

Mwanzoni mwa miaka ya 1800, kijana Mjerumani anaitwa Friedrich Sertürner alikuwa akijifunza kazi ya famasia. Hakuwa amefika hata miaka 25. Wakati huo afyuni ilikuwa dawa ya kila kitu, lakini shida yake ni kwamba huwezi kujua nguvu yake. Leo inakutuliza, kesho kipimo kilekile kinakuua. Sertürner akafanikiwa kutoa ndani ya afyuni kile kitu chenyewe kinacholeta usingizi na kutuliza maumivu. Akakipa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wagiriki. Baadaye alijijaribia mwenyewe pamoja na vijana watatu, na karibu wajimalize.

Mwaka 1827 kampuni ya Merck kule Ujerumani ikaanza kuuza mofini kibiashara. Mwaka 1853 daktari wa Edinburgh, Alexander Wood, akaanza kuidunga kwa sindano. Hapo ndipo sentensi yetu inaingia. Kulikuwa na madaktari walioamini kuwa tamaa ya afyuni inakaa tumboni, kwa hivyo ukipitisha dawa kwa ngozi badala ya mdomo, uraibu hautakuja. Ukiisikia leo unaweza kucheka, lakini hawa walikuwa watu waliosoma.

Matokeo yakaonekana. Kwa mfano, kuna mfamasia wa Marekani aliyeitwa John Pemberton, aliyejeruhiwa kwa upanga mwaka 1865, mwisho wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alitumia mofini kwa maumivu, akanasa. Akaanza kutafuta kinywaji cha kumwondoa kwa mofini, na majaribio hayo ndiyo yaliyozaa Coca-Cola mwaka 1886. Ndiyo, hiyo soda unayoijua. Pemberton alikufa mwaka 1888 akiwa bado hajatoka kwa mofini.

Na si wanajeshi tu. Kuanzia 1849 kule Marekani kuliuzwa dawa ya maji iliyoitwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup, ya kutuliza watoto wanaoota meno. Ndani yake kulikuwa na mofini. Mtoto analia, mama anampa kijiko, mtoto ananyamaza. Wengine walinyamaza milele. Sheria ya kulazimisha kampuni ziandike mofini kwenye lebo ilikuja mwaka 1906, zaidi ya miaka 50 baadaye.

Mara ya pili: shujaa

Kama mofini ina shida, basi tengeneza mofini isiyo na shida. Hayo ndiyo yalikuwa mawazo. Mwaka 1874 mkemia wa London, C. R. Alder Wright, alishatengeneza kitu kipya kutoka kwa mofini, lakini hakikuenda sokoni. Mwaka 1897 kule kampuni ya Bayer, Ujerumani, Felix Hoffmann akakitengeneza tena. Cha kushangaza ni kwamba ndani ya wiki mbili hivi za Agosti mwaka huo, mtu huyohuyo alitengeneza pia aspirini.

Bayer wakaona hii dawa mpya inawafanya waliojaribiwa wajisikie kama mashujaa. Wakaiita Heroin. Yes, unga unaouzwa kwa kete jina lake lilitungwa na kampuni ya dawa, na kuanzia 1898 uliuzwa kama dawa ya kikohozi. Enzi hizo kifua kikuu na nimonia vilikuwa vinafagia watu, kwa hivyo dawa ya kuzuia kikohozi ilikuwa dhahabu. Madaktari wengine wakasema haina uraibu kama mofini. Wengine wakawapa waraibu wa mofini ili iwatoe huko. Ni kama kumtoa mtu kwa busaa kwa kumpa chang'aa.

Mwili hauna ubaguzi: heroini ikishaingia inageuzwa kuwa mofini, tena inafika kwa ubongo haraka zaidi. Bayer waliacha kuitengeneza mwaka 1913. Marekani ikaipiga marufuku mwaka 1924. Lakini heroini haikurudi maabara. Ilianza kuonekana Pwani yetu miaka ya 1980, na sisi Wakenya tukaipa msamiati wetu: unga, teja, arosto. Mwishoni mwa 2014 serikali ilianza kutoa matibabu ya methadoni katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwaka uliofuata yakafika Pwani. Tunatibu leo kitu kilichouzwa mwaka 1898 kama dawa ya kifua.

Kwa nini mwili unanaswa

Kabla ya kuendelea, tuelewe mwili, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa na kusema "ni akili yako tu dhaifu".

Ubongo una vipokezi maalum, na wanasayansi walivithibitisha mwaka 1973. Vimewekwa pale kwa ajili ya endofini, dawa ya maumivu ambayo mwili unajitengenezea wenyewe. Opioidi inaingia pale pale. Maumivu yanashuka, raha inapanda, na pumzi inapungua. Yote matatu yanakuja pamoja.

Ukitumia kwa muda, mwili unazoea. Dozi ya jana haishiki leo, kwa hivyo unaongeza. Ukiacha ghafla, unapigwa na arosto: jasho, kutapika, kuhara, mifupa kuuma, usingizi kukataa kabisa. Sikiliza hapa vizuri. Hiyo inaweza kumpata mtu yeyote, hata yule aliyemeza kila tembe kama alivyoandikiwa. Huyo mwili wake umezoea tu, na daktari anaweza kumshusha polepole. Uraibu ni hatua nyingine, pale unapoendelea kuitafuta hata wakati inakula kazi yako, pesa zako na watu wako. Lakini hatua ya kwanza ni mlango wa ya pili, na wengi hawajui kama wameshaingia.

Kinachoua ni pumzi. Raha inazoeleka haraka, lakini pumzi haizoei kwa kasi hiyohiyo. Kwa hivyo mtu anaongeza dozi akitafuta raha, huku anaukaribia ukuta ambao haoni. Akichanganya na pombe au bugizi, ukuta unasogea karibu zaidi. Na akiacha wiki kadhaa halafu arudi na dozi yake ya zamani, anaweza kulala asiamke, kwa sababu mwili umeshasahau.

Mara ya tatu: barua ya sentensi tano

Sasa tufike kwa ile ya OxyContin. Hii ndiyo inaniuma zaidi kwa sababu ilifanyika juzi, na ilitumia kitu tunachokiheshimu: karatasi ya utafiti.

Baada ya heroini, madaktari wa Marekani waliogopa opioidi kwa miaka mingi. Wagonjwa wa saratani waliachwa waumie. Hilo lilikuwa kosa la kweli, na watu walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini palipo na malalamiko ya kweli, mwenye biashara anaona mlango.

Januari 1980, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya Jane Porter na Hershel Jick. Barua, si utafiti kamili. Ilikuwa na sentensi tano. Ilisema kuwa kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa angalau dozi moja ya opioidi, walionekana wanne tu waliopata uraibu. Ukisoma haraka unasema, waah, wanne kati ya elfu 11? Hiyo ni salama.

Lakini soma polepole. Hao walikuwa wagonjwa waliolazwa hospitali. Dawa walipewa na muuguzi, kwa kipimo, kwa siku chache. Hakuna aliyewafuata nyumbani kuona nini kilitokea mwaka mmoja baadaye. Barua haikusema lolote kuhusu mtu mwenye mgongo unaouma anayepewa chupa ya tembe aende nayo kwake, mwezi baada ya mwezi.

Hiyo haikuwazuia watu. Mwaka 2017 watafiti walihesabu wakakuta barua ile imenukuliwa mara 608 kwenye maandishi ya kisayansi, na zaidi ya asilimia 70 ya walionukuu waliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra. Wengi hata hawakutaja kwamba ni wagonjwa wa hospitalini. Jick mwenyewe alikuja kusema kwamba angejua, asingeichapisha kamwe. Yaani watu waliinukuu bila kuisoma, kama sisi tunavyopeleka screenshot mbele bila kufungua link.

Kisha ikaja nyingine. Mwaka 1989 madaktari wawili waliandika kuhusu kijana mmoja wa miaka 17 mwenye saratani ya damu, wakasema mgonjwa anayeomba dawa zaidi na zaidi huenda si mraibu; huenda ni mtu ambaye maumivu yake hayajatibiwa vizuri. Wakaipa jina, uraibu bandia. Suluhisho? Mwongeze dozi. Kwa mgonjwa mmoja huenda ilikuwa kweli. Lakini ilifundishwa kama kanuni ya wote, na mmoja wa walioandika baadaye akaajiriwa na kampuni ya Purdue Pharma.

Purdue Pharma ilikuwa ya familia ya Sackler. Desemba 1995 serikali ya Marekani iliidhinisha tembe yao, OxyContin. Ndani yake ni oksikodoni, dawa ambayo ilikuwapo tangu 1916. Kilichokuwa kipya ni kwamba inatoka polepole kwa saa 12. Lebo iliyoidhinishwa ilisema kwamba huko kutoka polepole kunaaminika kupunguza hatari ya watu kuitumia vibaya. "Kunaaminika." Hakukuwa na utafiti wa kulithibitisha hilo. Afisa aliyesimamia uidhinishaji, baada ya kuondoka serikalini, akaenda kufanya kazi Purdue.

Watu waligundua haraka kwamba ukiponda tembe, ile polepole inaisha na dozi ya saa 12 inaingia mara moja. Wakati huo wauzaji wa kampuni walikuwa wakizunguka kwa madaktari wakisema hatari ya uraibu ni chini ya asilimia 1. Madaktari, wauguzi na wafamasia zaidi ya 5,000 walihudhuria makongamano ya kampuni kuhusu maumivu. Kulikuwa na kuponi za kumpa mgonjwa tembe za kuanzia bure. Wasee, free sample ya opioidi! Mauzo yakatoka dola milioni 48 mwaka 1996 hadi zaidi ya dola bilioni 1 mwaka 2000.

Na si Purdue peke yake. Mji wa Kermit, West Virginia, una watu 400 hivi. Mwandishi wa habari Eric Eyre alifichua kwamba duka moja tu la dawa pale lilipokea karibu tembe milioni 9 za opioidi nyingine, haidrokodoni, kwa miaka miwili. Gawanya mwenyewe: zaidi ya tembe 22,000 kwa kila mtu, hadi mtoto mchanga. Kila lori liliondoka na stakabadhi. Kila mmoja kwenye mnyororo aliona namba na akanyamaza kwa sababu doo ilikuwa inaingia.

Mwaka 2007 kampuni ilikubali kosa mahakamani la kupotosha watu kuhusu dawa yake, ikalipa dola milioni 600 hivi. Mwaka 2020 Purdue ikakubali makosa tena. Hakuna mtu wa familia ya Sackler aliyewahi kufungwa.

Lakini mwisho wa stori haukuwa mahakamani. Mwaka 2010 kampuni ilibadilisha tembe iwe ngumu kupondwa. Wakati huo mamilioni walikuwa wameshanaswa. Tembe ikiwa ngumu na ghali, wengi wakaenda kwa heroini. Kuanzia 2013 fentanili ikaingia sokoni, ambayo ina nguvu mara 50 ya heroini. Mwaka 2021 zaidi ya watu 100,000 walikufa Marekani kwa dozi iliyopita kiasi, wengi wao kwa opioidi. Jaza uwanja wa Kasarani mpaka mwisho, na bado wengine wengi watabaki nje.

Kama namba hazikushiki, kumbuka majina. Prince mwaka 2016: tembe bandia zilizofanana na za hospitali, ndani fentanili. Mac Miller mwaka 2018, hadithi inayofanana. Juice WRLD mwaka 2019, oksikodoni na kodeini, akiwa na miaka 21, siku chache tu baada ya birthday yake. Hawa si watu waliokosa pesa ya daktari mzuri.

Mara ya nne: tramadoli, na hapa ni Afrika

Sasa kuna msee anasema, hiyo ni stori ya Wazungu. Hapana. Ya nne ni yetu.

Tramadoli ilitengenezwa Ujerumani na kampuni ya Grünenthal, ileile iliyouza thalidomaidi, dawa iliyosababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na ulemavu wa viungo kabla ya kuondolewa sokoni mwaka 1961. Tramadoli iliingia sokoni 1977, na sifa yake ilikuwa hiyo hiyo: inatuliza kama opioidi, lakini haina hatari kama opioidi zingine. Marekani iliiruhusu mwaka 1995 bila udhibiti maalum, ikaja kuidhibiti mwaka 2014. Kimataifa, hadi leo haimo kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa na mikataba ya Umoja wa Mataifa kama mofini ilivyo.

Na kuna sababu nzuri ya hilo, tusiwe wanafiki. Kwa sababu haijadhibitiwa, tramadoli ndiyo dawa kali pekee inayofika kwa urahisi kwenye hospitali nyingi za nchi maskini na maeneo ya vita. Lakini mlango uliofunguliwa kwa mgonjwa, mfanyabiashara pia alipita. Afrika Magharibi ilijazwa tembe za miligramu 200 na zaidi, nyingi kutoka India, wakati dozi ya kawaida ni miligramu 50 hadi 100. Walioanza kuzitumia wengi hawakutafuta raha. Walitafuta nguvu: madereva wa safari ndefu, makuli, wakulima wanaolima kwenye jua kali. Dozi kubwa inaweza kukuletea degedege hapo hapo.

Kuna kisa kimoja sitakisahau. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wamepata tramadoli ndani ya mizizi ya mti mmoja wa dawa kaskazini mwa Kameruni. Dunia ikashangaa: mti wa Afrika unatengeneza dawa ya maabara! Mwaka uliofuata timu nyingine kutoka Ujerumani ikatoa maelezo tofauti. Wakulima wa eneo hilo walikuwa wanameza tramadoli ili wasichoke, na wanawapa ng'ombe wanaovuta plau. Dawa ikatoka kwa mkojo na kinyesi, ikaingia udongoni, mizizi ikaifyonza. Tafakari hapo kidogo. Dawa ilikuwa nyingi kiasi cha kuonekana kwenye mti.

Mwaka 2018 uchunguzi wa BBC ulionyesha jinsi dawa ya kikohozi yenye kodeini ilivyokuwa inauzwa kwa vijana Nigeria, na serikali yao ikapiga marufuku utengenezaji na uingizaji wake. Utafiti wa kitaifa uliotolewa baadaye ulikadiria kwamba watu milioni 4.6 nchini humo walitumia opioidi kwa mwaka mmoja bila sababu ya matibabu. India nayo ikaanza kudhibiti tramadoli mwaka huo wa 2018. Biashara ikafanya nini? Ikabadilisha bidhaa. Mwaka 2025 BBC ikafichua tembe mpya kutoka India zinazoingia Afrika Magharibi, mchanganyiko wa tapentadoli na karisoprodoli ambao haujaidhinishwa popote duniani. Jina jipya, wateja wale wale.

Sasa ututazame sisi. Tuna kemisti kila kona. Tuna sheria inayotaka maagizo ya daktari, na nimesimama kwenye foleni nikasikia mtu akiitisha dawa kwa jina, bila karatasi yoyote, akapewa. Tuna vijana wa mjengo, wa boda, wa mkokoteni, ambao mwili ndio mtaji, na siku ya kupumzika ni siku ya kulala njaa. Hayo ndiyo mazingira yaleyale ya wakulima wa Kameruni. Na tuna kasumba yetu wenyewe: "Si ni dawa ya kemisti? Hiyo si mihadarati." Heroini pia ilikuwa ya kemisti.

Lakini maumivu ni ya kweli

Naogopa mtu atasoma hapa aseme basi tupige marufuku kila kitu. Hapo napinga kabisa.

Mwaka 1990 daktari Mwingereza, Anne Merriman, alikuja kufanya kazi Nairobi Hospice. Mwaka 1993 akaenda Kampala, akaanzisha Hospice Africa Uganda. Alichofanya kilikuwa rahisi. Unachukua unga wa mofini, unauchanganya na maji, unatia rangi tofauti kuonyesha nguvu yake, unampa mgonjwa wa saratani au UKIMWI anywe nyumbani. Ni bei nafuu kiasi kwamba serikali ya Uganda inatoa bure kwa wagonjwa. Mwaka 2004 Uganda ikabadilisha sheria ili wauguzi waliofunzwa waweze kuiandika, kwa sababu vijijini hakuna madaktari.

Ni mofini ileile ya Sertürner, na Uganda haikugeuka kuwa West Virginia. Kwa nini? Kwa sababu hakuna muuzaji anayelipwa bonasi kwa kila chupa. Muuguzi anamjua mgonjwa, anamfuatilia, na dawa inaenda kwa yule anayeihitaji.

Linganisha na dunia. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilihesabu kwamba kati ya tani 298.5 za opioidi za matibabu zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini zaidi zilipata tani 0.1. Kwingine walimwagiwa tembe milioni 9 kwa mji mmoja, kwingine mama mwenye saratani anauma shuka usiku kucha. Hizo ni dhuluma mbili, na zote zimetoka mahali pamoja: dawa ilienda panapo faida, haikwenda panapo maumivu.

Kwa hivyo nasema nini

Kwanza, tuache kuwaita waraibu wajinga. Historia yote niliyowapa inaonyesha watu waliodanganywa na karatasi yenye muhuri. Mtu wako akiwa ndani, mpeleke kwa matibabu, usimtangaze kwa group ya familia. Laini ya NACADA ni 1192, kupiga ni bure. Methadoni ipo, na ukizidiwa na dozi kuna dawa inaitwa naloksoni inayorudisha pumzi. Ukimkuta mtu haamki, anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi, usimwache "alale ipite". Hospitali, mara moja.

Pili, ukiandikiwa dawa kali, kwa mfano baada ya upasuaji au kuvunjika mguu, usikatae kwa woga. Kunywa. Lakini uliza maswali manne kabla hujatoka: Hii ni ya jamii ya opioidi? Ni ya siku ngapi? Nitaiacha vipi? Naweza kuchanganya na dawa zangu zingine? Usiongeze dozi kivyako, usinywe na pombe, na zikibaki usimgawie beshte mwenye mgongo unaouma. Rudisha kwa famasia. Na maumivu yakiendelea, rudi kwa daktari, usirudi kwa dirisha la kemisti.

Tatu, hii ni ya kila mtu, hata wewe usiyewahi kuumwa na chochote. Sentensi itarudi mara ya tano, naamini hivyo. Itakuja na jina jipya, paketi safi, labda na influencer anayelipwa. Ikija, usibishane nayo kuhusu kama ni dawa au mihadarati. Uliza yale ambayo hakuna aliyeuliza mwaka 1980: waliochunguzwa ni kina nani, walifuatwa kwa muda gani, na nani alilipia huo utafiti.